Mkia wa Ignace

Ignace wa Birava alikuwa na watoto wanne, mke mwenye subira, na mtu mmoja wa kumkondesha: jirani yake Philémon. Miaka ile ya mwisho ya Wabelgiji, wote wawili walivuka ziwa kwa mitumbwi kupeleka ndizi Bukavu, na tangu ufuko wa kwao hadi Nyalukemba, mitumbwi inakotia nanga mjini, Philémon alijibandika nyuma ya Ignace kama kupe.

Mtu wa makasia anajua: maji yaliyokwisha kupasuliwa na mwenzako hayakugombezi sana. Ignace aliusugua mtumbwi wake kwa mchanga, akaupaka mafuta ya ng'ombe ili ziwa lisipate pa kuushika. Wa Philémon uliota ndevu za kijani. Hata hivyo walifika pamoja, mmoja akitweta, mwingine akipiga mluzi. Inaudhi, jamani!

“Toka nyuma yangu! Ziwa iko kubwa!”

“Iko kubwa, Papa Ignace, lakini inachokesha. Nyuma yako maji iko muzuri.”

Watu wakambatiza Philémon “mkia wa Ignace”. Aliyeona aibu ni Ignace.

Siku moja Adolphine, mke wa Ignace, alishikwa na uchungu, mtoto akakataa kutoka. Mkunga akasema wampeleke hospitali, Bukavu, upesi. Ignace akamlaza mtumbwini, akaanza safari. Punde akasikia nyuma, chubwi, chubwi: kasia la Philémon. Hata leo! Alitamani kurudi amtandike.

Upepo wa mchana ukawakuta katikati ya ziwa. Mawimbi yakapiga kutoka kila upande, mikono ya Ignace ikaisha nguvu, mtumbwi ukasimama pale pale huku Adolphine akilia. Ndipo mtumbwi wenye ndevu ukampita.

“Kamata nyuma yangu,” akasema Philémon. “Karibu sana. Usiniache.”

Akavuta kasia kama watu watatu, bila mluzi. Ignace akajibandika nyuma yake, na mtumbwi ukaanza kuteleza. Ala! Kumbe huku nyuma ndiko kwenye raha yote hii!

Mtoto alizaliwa jioni ile, msichana, na mama yake mzima. Philémon alikuwa ameketi nje ya hospitali, viganja vinavuja damu. Ignace alikwenda kumshukuru, lakini hasira za miaka yote ndizo zilizomtoka.

“Kumbe uko na nguvu namna hii! Myaka yote ulikuwa unaiwekaka wapi?”

Philémon akavitazama viganja vyake.

“Ni nguvu yako, Papa Ignace. Nilikuwa nakuchungia tu.”