Kijiko cha Winji

Wenzake wa chumba cha kufulia cha hospitali walimpachika jina la Winji, ule mtambo wa kupandisha mizigo, kwa jinsi mkono wake ulivyopanda na kushuka kati ya sahani na kinywa bila kupumzika. Sahani ya wali na maharage aliifagia kabla mtu mwingine hajamaliza kunawa. Tumtendee haki lakini: hakula kwa uroho, alikula kwa hofu.

Mashine yao ya pasi ilikuwa na rola ndefu ya moto. Mmoja husimama mbele akiingiza shuka bichi, mwingine nyuma akilipokea kavu na kulikunja. Mmoja akienda kula, aliyebaki hufanya kazi ya wawili: analisha mbele, anazunguka mbio kupokea nyuma, maana shuka likikwama huungua. Mwenzake Winji alikuwa mama mnene wa makamo ambaye kila mtu alimwita Shangazi, hata daktari mkuu. Winji alikula kwenye benchi nyuma ya ukuta, na huko alizisikia kandambili za Shangazi zikipiga sakafu, pa pa pa, mbele na nyuma. Nani angetafuna kwa raha hapo? Miaka nenda miaka rudi alimeza na kuinuka, na baada ya muda mfupi njaa ikamrudia, akaanza kusaka mkate.

Kisha kliniki wakamwambia sukari yake imepanda. Muuguzi, binti wa rika la mwanawe, alimweleza kwa upole kwamba tumbo huchelewa kukipasha kichwa habari kuwa limeshiba. Kwa hiyo ale polepole, atafune sawasawa, aweke kijiko chini kila baada ya kumeza. Winji aliitikia ndiyo, ndiyo, lakini mawazo yalikuwa kwa kaka yake mkubwa, aliyekatwa mguu kwa sukari hiyohiyo na sasa anashinda mlangoni akihesabu wapita njia. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Tena Winji alikuwa na siri. Wiki ile alivua kiatu jioni akakuta kokoto ndani, imekaa chini ya kidole kidogo kutwa nzima, naye hakuisikia.

Habari ya kidole hakumwambia mtu, hata mkewe. Kila asubuhi alikaa ukingoni mwa kitanda akikibonyeza kidole kile kwa ukucha, akisubiri maumivu. Siku nyingine yalikuja kwa mbali. Siku nyingine hayakuja, akavaa kiatu akaenda kazini.

Kazini alijaribu kweli. Aliweka kijiko chini, akasikia pa pa pa, akakinyakua. Aliona heri mchana asile kabisa, na hapo ndipo alipojimaliza, maana jioni alifika nyumbani na njaa ya simba, akakomba sufuria mpaka ukoko, mkewe akimtazama.

Haikuchukua wiki. Mchana mmoja jasho jembamba lilimtoka mbele ya rola, mikono ikatetemeka, macho yakaingia ukungu. Shuka likaingia, na kiganja chake kikalifuata. Shangazi alimdaka ukosi akamvuta hata wakaanguka wote wawili juu ya rundo la mashuka. Mashineni shuka lilikwama, likaungua, chumba kizima kikanuka.

Shangazi alizima mashine, akamletea chakula chake mwenyewe, akamhoji. Winji alimwambia yote isipokuwa kidole: anaona aibu kukaa akitafuna huku mama wa watu anakimbizwa na mashuka.

"Kwani mimi nikila, wewe hukimbii?" Shangazi aliuliza. "Miaka yote hii nameza matonge mazima kwa sababu nakusikia unavyohema huko. Kiungulia changu hiki ni zawadi yako."

Wakatazamana kama wajinga wawili. Ukweli ni kwamba mzigo mpya ukiwa bado unafuliwa, rola huzunguka bure, nao wakati huo waliutumia kukunja mashuka yaliyorundikana. Kukunja kungeweza kungoja. Tangu siku hiyo mzigo ukiingia kufuliwa walizima pasi na kuketi benchi moja. Msimamizi alinuna, akaona idadi ya mashuka yanayotoka ni ileile, akawaacha. Mkono wa Winji bado ulikuwa na kichaa chake. Ukianza mbio, Shangazi alikitazama tu kijiko, nacho kikashuka.

Nyumbani palimshinda kwa siku kadhaa, mazoea yana taabu. Jioni moja akajikaza. Aliweka kijiko chini, akatafuna, akameza. Mara ya pili alitafuna, akasita.

"Mke wangu, leo umesahau chumvi."

Mkewe aliacha kula. Akasema hakusahau. Aliacha kuitia tangu siku Winji alipotoka kliniki, akapunguza na mafuta, na kila jioni alingoja lawama. Hazikuja.

"Ungekula hata ningekuchemshia kitambaa," alisema. "Nikawaza, basi ulimi nao umekufa kama kile kidole."

Winji aliuliza kidole gani, kama mtu asiyejua.

"Kile unachokibonyeza kila asubuhi ukidhani nimelala."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kwa Winji mkewe alitangulia. Aliogopa kuliko siku zote, na papo hapo akahisi mzigo umemtoka kifuani, asijue ashike lipi. Akavua kiatu, akaunyoosha mguu chini ya meza. Mkewe aliinama, akakipata kidole, akakibana.

"Unasikia?"

"Kidogo."

Mkewe hakukiachia.