Mashini Inakatala

Mi nasikia kasirani kila mara mutu anasema mashini inakatala. Gari inakatala, pompi inakatala, simu inakatala. Inakatala namna gani? Iko na kinywa? Iko na roho mubaya? Mashini haijue hata sura yako. Mutu njo anashindwa, kisha anatupia mashini kosa, anafunga mulango, anaenda kula nshima, ugali yake. Ile neno nililisema mi mwenyewe miaka mingi bila kufikiri. Sasa kama mutu analisema mbele yangu, namukata palepale, na batu banasema niko mama wa kelele.

Niko mama wa Kongo, nakaa hapa Nchelenge, kwa Bazambia, tangu tulivuka ziwa. Kazi yangu ni kuchaji simu za bavuvi. Niko na solari mbili juu ya bati, meza moja, na chaja za kila namna zenye kufungana kama matumbo ya samaki. Tangu asubuhi mpaka jua inashuka nafinya butoni za batu. Simu yenye ilianguka mu maji, tableti ya mwalimu yenye inaonyesha alama ya kampuni kisha inazimika, radio ya kanisa: byote binapita mu mikono yangu. Sikusomea ile kazi. Lakini batri yenye inakwisha kabisa naijua sawa vile najua batoto yangu kama bako na njaa.

Siku mbili ku juma nilikuwa naenda pia ku biro moja yenye kutoa karatasi za bakimbizi, kutafsiri. Bwana wa biro ni Muzambia, anasema Kibemba na Kiingereza. Batu yetu banasema Kiswahili. Mi nilikaa katikati, pa kiti cha plastiki, nageuza maneno ya huyu kwa yule.

Pale njo nilimupata kambo mumoja, bibi muzee mwenye kutoka kambi. Macho yake yote mbili ilikuwa na utando mweupe. Aliona paka mwangaza na kivuli, hakuna kitu kingine. Munganga wa macho alikuwa anakuya mu mji wa Mansa, siku tatu tu, na kambo alipashwa kupata karatasi ya ruhusa ya kutoka, ili apande gari na aende kule. Ile karatasi haitoki bure: mutu anaweka kidole pa tableti ya biro, tableti inakubali ni yeye, kisha bwana anaandika. Hakuna kidole, hakuna karatasi. Na yule munganga, kama anarudi kwao, hakuna mutu anajua atakuya tena lini. Kambo alijua ile. Alifika Nchelenge mbele ya wakati, akalala kwa jamaa yake karibu na soko, ili asikose.

Siku ya kwanza bwana alitoa tableti mu kisanduku cha meza. Alifinya butoni. Kioo ilibakia nyeusi. Alifinya tena, akaingiza waya ya chaja, akafinya tena hapohapo. Alama ilitokea, ilizunguka kidogo, ilizimika. Aliiweka chini.

“Yakaana, ba mayo,” aliniambia.

Kwa Kibemba ni vile banasema, inakataa; ba mayo ni mama. Nilimugeukia kambo na nilimwambia: “Kambo, mashini inakatala. Urudi siku ya ine.”

“Inakatala?”

“Inakatala, kambo.”

Alinyoosha mikono yake mbele, sawa vile anaonyesha mutu kitu. “Ni bidole yangu. Chumvi ya samaki ilikula mistari yake zamani.”

Mi nilicheka. Nilifikiri anatuchekesha. Alikuwa amepaka samaki chumvi tangu alikuwa binti, na bidole yake ilikuwa laini kama sabuni, kweli. Nilimusindikiza mpaka ku mulango na nilirudi pa kiti changu.

Kasirani yangu ile siku ilikuwa kwa bwana. Nilikuwa nimeona kosa tangu alifinya mara ya pili. Waya ilikuwa ile nyembamba ya kuuza pa barabara, yenye inapitisha moto ya umeme kidogo-kidogo. Batri ilikuwa tupu. Ukiingiza chaja na unafinya palepale, ile nguvu kidogo yenye inaingia inakwisha kwa kuamsha tableti, inaanguka tena, unafinya tena, inaanguka tena. Ni kuua mutu wa homa kwa kumulazimisha asimame. Nilimwambia kwa heshima: “Bwana, tuiache kwanza ku chaja nzuri, saa moja, mutu asiiguse. Kisha ufinye butoni ya kuwasha pamoja na ile ya kushusha sauti, ushikilie, uhesabu mpaka makumi tatu. Usiache hata kama hauone kitu.”

Alicheka. “Ba mayo, hii ni mali ya serikali. Wewe kazi yako ni kusema.”

Angenitukana ningesahau. Lakini alicheka vizuri, kama baba anamukataza mutoto kisu. Mi mwenye kuamsha simu za ziwa nzima, mi njo sina ruhusa ya kugusa butoni. Nilirudi kukaa, sababu sikutaka kupoteza ile kiti cha plastiki, nasema ukweli. Mpaka leo nasikia haya.

Siku ya ine kambo alirudi. Bwana alifinya, alifinya, alisema yakaana. Mi niligeuka na nilisema neno ile ile: inakatala, urudi juma yenye inakuya. Kambo alifunga kitambaa yake vizuri ku kichwa, alisema asante, alitoka.

Siku yangu ya biro yenye ilifuata, kambo hakukuya. Niliangalia mulango asubuhi yote. Munganga alikuwa amefika Mansa jana yake, zilibakia siku mbili. Bwana alitoka kwenda kula na aliacha tableti pa meza, kioo nyeusi. Nilisema basi, anifukuze. Nilitoa chaja yangu mu mufuko, ile nene, na niliingiza. Niliikalia ile tableti kama kuku. Mulinzi wa biro alitaka kuiangalia, nilimupiga pa mukono. Kisha ya saa moja nilishika butoni mbili pamoja na nilianza kuhesabu. Kumi, hakuna kitu. Makumi mbili, hakuna kitu, na bidole ilianza kuuma. Makumi mbili na saba ilitetemeka. Niliacha. Alama ilikuya, ilizunguka, ilizunguka, na mara hii haikuanguka. Ilifunguka.

Jina ya kambo ilikuwa pale, na foto yake, na alama ya kijani kuonyesha kama bamukubalia kusafiri. Bakubwa ba bwana balikuwa bamemaliza kila kitu. Ilibakia paka kidole.

Bwana alirudi, anapanguza midomo. “Ee, yabomba,” alisema. Inafanya kazi. Ni ile tu. Hakuuliza nani aliamsha, hakuuliza namna gani. Nilitaka kumutupia chaja pa kichwa. Nilitoka mbio.

Kwa jamaa ya kambo nilikuta mama moja anageuza chisense pa jua, wale samaki badogo benye kujaa huku. Hakuinua hata kichwa. “Alienda ku bwato, mutumbwi ya kuvuka ziwa, tangu asubuhi. Alisema hapa banamukatala, anarudi Kilwa, ile ya Kongo ng'ambo ya ziwa.”

“Kilwa kwa nani?”

“Kwa hakuna mutu. Bote balikufa. Tulimwambia.”

Bwato ya motere ilikuwa bado pa muchanga, inajazwa. Kambo alikuwa amekaa ndani kati ya magunia, na mufuko yake pa magoti. Nilimwita. Aligeuza uso, lakini kidogo pembeni ya kwenye nilisimama.

“Kambo, shuka. Mashini inawaka. Jina yako iko, banakukubalia.”

“Ilinikatala mara mbili.”

“Haikukukatala. Batri ilikwisha. Hata jina yako haikuwa imesoma.”

“Nani alisema inakatala?”

“Ni bwana wa biro.”

“Yule sijue luga yake,” alisema kambo, pole-pole, bila kasirani, na ile njo ilinichoma. “Na mashini sikuiona, macho yangu unayajua. Nilisikia paka wewe tu.”

Nilikuwa nimebeba kasirani yangu yote juma nzima, naitupa kwa bwana, kwa waya yake, kwa kicheko yake, na mutu mwenye alimukatala huyu bibi ni mi, na sauti yangu nzuri ya kutafsiri. Mwenye bwato aliuliza kama kambo anakwenda ao anabakia, batu banangoya.

“Kambo, neno lilikuwa mubaya,” nilisema. “Lilikuwa langu. Unisamehe.”

Kambo alinyoosha mufuko yake inje ya bwato, na nilijua anakubali kushuka. Niliingia mu maji mpaka magoti, nilimubeba, nilimusimamisha pa muchanga. Nilimupa mukono tuende. Aliusukuma pembeni.

“Tangulia,” alisema. “Sema. Nitafuata sauti.”

Nilitangulia, na mpaka ku biro nilitaja kila kitu chenye nilipita: “Jiwe, kambo. Shimo. Mbuzi. Waya. Jiwe tena.” Nyuma yangu nilisikia miguu yake, inakuya.