Nani Kamtilia Mfalme Sumu?

Juzi, kwenye ofisi moja hapa Dodoma, foleni yetu ilisimamishwa na mfalme wa China. Makarani wawili walikuwa wakibishana juu ya tamthilia yao: nani kamtilia mfalme sumu kwenye chai, bi mkubwa au mke mdogo?

Mama mmoja wa Haneti akasogeza fomu yake dirishani. "Mwanangu, mimi nimeiona mpaka mwisho. Gonga muhuri nikwambie."

Muhuri ukagongwa hapohapo. Mama akaikunja fomu taratibu, akaifutika kwenye khanga.

"Haya mama, ni nani?"

"Sijui, mwanangu. Kwangu hata televisheni sina."

Wenzangu walicheka. Mimi nilikuwa nyuma yake, na uongo niliouandaa ulikuwa huohuo.