Vioo Vilivyokaushwa Polepole

Mimi na mama tulipofukuzwa nyumba mtaani Mbotela nilikuwa chuo kikuu, nikitafiti jinsi plastiki inavyoweza kutoa stima ya jua. Nilichanganya dawa mbili za plastiki hiyo, nikapaka tabaka jembamba juu ya vioo vidogo. Likikauka haraka, chembe zake hubaki zimevurugika na umeme hukosa pa kupitia. Likikauka polepole chini ya kifuniko, chembe hujipanga zenyewe, zikatengeneza vijia ambavyo hata hadubini yetu haikuviona. Nilijua vipo kwa sababu kioo cha kwanza nilichokausha hivyo kiliinua mshale wa mita ya umeme juu kuliko vyote vilivyotangulia. Nilimwita mhadhiri wangu, akauona ukipanda; alipoondoka nilicheka peke yangu maabarani.

Kisha wanafunzi wakaandamana, chuo kikafungwa. Vioo nilivyokausha hivyo, pamoja na kile cha kwanza, nikavibeba nyumbani ndani ya bakuli lenye kifuniko. Mama aliviwekea nafasi kabatini, akakataza mtu kuvigusa.

Mwanamume aliyetupangisha nyumba alitaka mpwa wake aingie mle. Alikuja asubuhi moja na wabeba mizigo.

“Ngoja basi nitafute pa kwenda,” mama alimsihi.

“Umetafuta vya kutosha, mama.”

Vitanda vikatoka. Mwenye nyumba akafungua bakuli mwenyewe, akasugua kioo kwa kidole gumba. “Hii rangi ni ya nini?”

“Ni ya kutengeneza stima ya jua. Tafadhali funika.”

“Jua si liko huko nje?” Akaliweka bakuli wazi juu ya godoro uani. Wenzake wakacheka. Nilikuwa ndani nikimsaidia mama kukusanya vyombo mvua iliponyesha.

Tulihamia mtaa wa Mowlem, chumba kimoja. Chuo kilipofunguliwa, mhadhiri wangu alivipima vioo kimoja kimoja. Mshale haukusogea.

“Unaona? Kile cha kwanza kilikuwa bahati tu.”

“Vilinyeshewa, daktari. Tulifukuzwa nyumba.”

“Sayansi haijui habari za nyumba yenu.”

Nilimwomba dawa nirudie. Zilikuwa zimebaki kidogo, zimetoka ng'ambo, naye akampa mwanafunzi mwingine. Mimi nikapewa utafiti wa majiko ya jua, nikahitimu nao, bila furaha.

Mama hujilaumu, eti angeliokoa bakuli kwanza, vitanda vibaki. Mimi humwambia anyamaze. Yule mwenye nyumba namchukia, lakini hakujua alichokuwa akiharibu. Mhadhiri aliuona mshale ukipanda kwa macho yake.