Mlango wa Mbele wa Nyumba ya Babu

Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa Agosti, mwaka juzi, mlango wa mbele wa nyumba ya babu yangu ulizibwa kwa matofali. Nilikuwa nachuma majani chai upande wa chini nikasikia nyundo. Nilipofika juu, mlango wenyewe ulikuwa umeng'olewa na kulazwa kwenye nyasi, na fundi alikuwa ameshapanga mistari minne ya matofali.

Naandika haya kwa sababu wapo wanaosema tuliuza nyumba. Hatukuuza. Babu alikuwa fundi wa kuchoma matofali, na nyumba yake ilikuwa ya kwanza ya matofali katika soko letu hapa juu ya kilima cha Manga. Wazee walikuwa wakiamua kesi kwenye baraza yake. Kanisa letu la Sabato lilianzia sebuleni mwake kabla halijapata kiwanja. Serikali ya kaunti iliposema kuna pesa za umma za kukarabati nyumba za kale ili wageni waje kuzitazama, baba yangu, ambaye ndiye aliyeirithi, alikubali. Akahamia nyumba ndogo ya mabati huko chini kwenye migomba. Aliomba jambo moja tu, kwamba makaburi yabaki yetu.

Kwetu mtu huzikwa kwa kufuata mlango. Ukisimama ndani ukitazama nje, mwanamume hulala upande wa kulia, mwanamke upande wa kushoto. Babu yuko kulia. Nyanya yuko kushoto, na mama yangu kando yake. Karibu na babu paliachwa nafasi ya baba. Siku tuliyomzika mama, baba aligonga mahali hapo kwa fimbo akasema, "Mnapaona? Msije mkagombana." Kaka yangu akamjibu, "Mzee, wewe huendi leo, acha kupima shamba." Tulicheka, na udongo wa mama ulikuwa bado mbichi.

Mlango ule ulitazama bondeni, kwa sababu zamani njia ilipanda kutoka huko. Siku hizi lami inapita nyuma.

"Fundi, unafanya nini?" nilimuuliza.

"Nageuza nyumba, mama. Wageni watashukia lami waingie moja kwa moja."

"Na wale waliolala pale?"

Aliweka mwiko chini. Alikuwa mtu wa upande wa ziwa, na kwao pia mzee hulala kulia kwa mlango. Hakujifanya hajui. "Hata mimi niliuliza. Nikaambiwa ramani ilikubaliwa na familia."

"Familia ya nani?"

"Si nyinyi? Nimeambiwa sahihi ziko ofisini."

Kesho yake nilikwenda ofisi ya kaunti. Afisa alinionyesha karatasi, na jina langu lilikuwapo, kwa mkono wangu mwenyewe. Ilikuwa karatasi ya kikao cha kutoa maoni. Siku hiyo tulipewa soda na mkate, karatasi ikapitishwa, tukaandika majina kuonyesha tumehudhuria.

"Dada, ramani ilikuwa ukutani," afisa alisema. "Uliiona ukanyamaza."

Ni kweli ilikuwa ukutani. Nilikaa karibu nayo na sikuinuka kuitazama. Niliishia darasa la nane, na niliona aibu watu wajue kwamba siwezi kusoma ramani. Hilo ni kosa langu na simsukumii mtu mwingine. Lakini karatasi ile ilisema mahudhurio. Mtu akija kwako ukampa soda, akaandika kwamba amefika, je, amekupa shamba? Nilimuuliza afisa hivyo hivyo. Akaangalia simu yake.

Walimaliza kazi. Mlango mpya ukatobolewa kwenye ukuta wa jikoni. Kwa hiyo mbele ikawa nyuma, na kulia ikawa kushoto. Na kwa kuwa upande wa makaburi sasa ulikuwa nyuma, hapo ndipo walipojenga vyoo vya wageni, hatua chache kutoka kwa kichwa cha mama. Nafasi ya baba waliitandika kabro, vile vitofali vya saruji vya kupanga chini, iwe maegesho ya magari.

Siku ya kufungua, baba aliketishwa kwenye hema la wakubwa. Mgeni wa heshima alisema nyumba imefufuliwa. Shangazi yangu, dada yake baba, aliyekuwa nyuma na akina mama, akasema kwa sauti, "Imefufuka ikiwa imetupa mgongo!" Akina mama waliziba midomo kwa leso.

Baba aliitwa akate utepe. Aliukata, akaingia, kisha akageuka akasimama mlangoni akitazama lami. Akainua mkono wa kulia. Akaushusha, akainua wa kushoto, kama mtoto anayefundishwa mikono. Halafu akasema kwa Ekegusii, lugha yetu, mbele ya kipaza sauti, "Sasa mimi nitalala wapi?"

Mgeni wa heshima aliomba atafsiriwe. Mshereheshaji, ambaye ni mtoto wa hapa hapa na alisikia vizuri sana, akasema, "Mzee anashukuru."

Watu wakapiga makofi. Mimi pia nilikuwa nimesimama pale na sikusema kitu. Hayo makofi nayasikia mpaka leo.

Tangu siku hiyo baba aliacha kupanda kwenda juu. Niliandika barua mbili kwa ofisi ile, na sikujibiwa. Mwaka huu, mvua za masika zilipoanza, alikohoa wiki tatu, akafariki.

Ilikuwa tumzike Alhamisi, tusiingilie Sabato. Alfajiri wanaume walifika na majembe wakasimama, kwa maana hakuna aliyejua aanzie wapi. Kaka yangu alikwenda akaegemeza mgongo kwenye matofali yaliyoziba mlango wa babu, akatazama bondeni, akanyoosha mkono wa kulia.

"Huku," akasema.

Tuling'oa kabro moja moja, tukazipanga kando ya ukuta bila kuvunja hata moja. Baba akalala karibu na baba yake.

Jumatatu afisa yule alikuja na fomu ya uharibifu wa mali ya umma. Akaniambia niweke sahihi kwa niaba ya familia. Niliisoma yote, mstari kwa mstari, naye akinisubiri juani.

"Hapa umeandika kabro," nilimwambia. "Mlango hujauandika."

"Mlango gani?"

Nikampeleka nyuma ya vyoo. Ulikuwa bado kwenye nyasi, ubao wa chini umeoza. Aliutazama, akasema fomu haina mahali pa mlango. Nikamrudishia karatasi yake bila sahihi, akaingia kwenye gari.