Mstari mwekundu chini ya picha uliotaka kunivunjia nyumba

Wakuu, salaam aleikum kutoka Kuze, Mji wa Kale, Mombasa.

Mimi hapa jukwaani ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Huwa napitia nyuzi zenu za "tutazame nini wikendi hii", nachukua majina ya tamthilia, kisha naondoka kimya kimya bila hata kusema ahsante. Leo nimeona nami nilete langu. Sijalitia chumvi, na kama kuna mtu wa kuaibika humu ndani, ni mimi mwenyewe.

Mimi ni mzee. Mke wangu alitangulia mbele ya haki, na nyumba ikawa kubwa kunishinda. Naishi na mwanangu Salim, anayefanya kazi bandarini, pamoja na mkewe, Rukia.

Huyu mkaza mwanangu ndiye aliyenitia katika mambo ya streaming, haya ya kutazama tamthilia kwa mtandao.

Zamani mimi nilikuwa mtu wa taarifa ya habari, basi. Ikiisha, nazima. Siku moja Rukia akaniambia, "Baba, kaa uone hii moja tu. Ikikuchosha nitakuzimia."

Ilikuwa tamthilia ya Kituruki. Mama mjane ana duka la mikate, na wanawe wawili wanagombania tanuri la marehemu baba yao. Wakuu, sikuchoka. Nilipotanabahi, muda wa kwenda barazani kunywa kahawa na wenzangu ulikuwa umeshapita.

Ikawa ndiyo desturi yetu. Rukia akimaliza kazi zake, tunakaa sebuleni tunatazama. Maandishi ya chini yakipita mbio anasimamisha, nayasoma, halafu tunaendelea. Na tukimaliza tunabishana.

"Yule mama ana fitina, baba. Kila mwana anamwambia lake."

"Ana fitina wapi? Anawashikilia wanawe wasifarakane."

"Wamtetea kwa kuwa mwafanana kwa ukali!"

Hakuna mtu aliyekuwa amebishana nami hivyo tangu mke wangu afariki. Watu wakikuona mzee wanakuitikia tu, naam, naam. Rukia alinibishia, na moyo wangu ukafurahi. Nasema hili mapema ili mjue nilichokaribia kukipoteza.

Sasa nije kwenye kosa.

Rukia alitaka kunifungulia profaili yangu mwenyewe, yenye jina langu, ili vitu vyangu visichanganyike na vyao. Nilikataa. Nilimwambia, "Nyumba hii sote twala sinia moja. Habari ya kila mtu na kisahani chake mimi siijui."

Yeye akacheka, akaniacha. Sote tukawa tunatumia profaili moja.

Tamthilia ikafika mwisho. Lakini kuna maneno yalinipita katika sehemu ile ya mwisho, kwa hivyo mchana, baada ya kuswali adhuhuri na kula, nilikuwa naiweka tena peke yangu. Wazee wenzangu mnajua mchana wa Mombasa baada ya wali unavyokuwa. Nitaurudia huo mchana baadaye.

Siku moja akaja dada yangu mkubwa, Bi Zena, kunitembelea. Tukampa kahawa, Rukia akaleta visheti. Mimi nikataka kumwonyesha dada yangu tamthilia yetu ya waoka mikate, nijigambe kidogo. Nikashika rimoti, nikafungua.

Wakuu, zilijipanga picha pale ambazo siwezi kuzieleza hapa. Wanaume na wanawake, nguo zao sijui waliziacha wapi. Na juu yake imeandikwa kuwa kwa sababu umetazama hizi, huenda ukapenda na hizi.

Nikataka kuzipita haraka, lakini rimoti nayo ikanigandia mkononi.

Bi Zena akavaa miwani yake vizuri. "Na ule mstari mwekundu chini ya picha?" akauliza. "Wajukuu zangu wameniambia maana yake. Maana yake kuna mtu ameitazama hiyo."

Nilishikwa na aibu, na aibu ikatafuta pa kutokea. Salim alikuwa kazini. Mimi najijua sikutazama. Aliyebaki nani?

Nikamgeukia Rukia, sahani ya visheti ingali mkononi mwake, nikasema, "Haya ndiyo mambo yako nikitoka kwenda msikitini?"

Rukia akanitazama. Akamtazama Bi Zena. Kisha akainamisha macho akasema, "Nitaziondoa, baba."

Basi. Hakukana, hakukubali. Mimi na dada yangu tukachukua kuwa amekubali. Bi Zena akakaa kidogo, akavaa buibui lake akaenda zake bila kumaliza kahawa.

Asubuhi yake Rukia akaondoka kwenda kwao, Ganjoni. Alimwambia mumewe kuwa mama yake anaumwa goti na hana wa kumsaidia. Nilipomuuliza Salim atarudi lini, akasema, "Atakaa kidogo."

Hiyo "kidogo" ilikuwa haina mwisho.

Kwanza nilijiona niko katika haki. Nasema kweli. Nilijiambia, na akae huko ajifunze adabu. Lakini nyumba ilinyamaza. Salim akitoka kazini anapitia Ganjoni, anakula huko, anakuja nyumbani kubadilisha nguo tu. Mimi nanunua mkate na maharagwe dukani, nakula nikitazama ukuta.

Siku moja Salim alisimama mlangoni, viatu bado miguuni, akaniambia taratibu, "Baba, natafuta nyumba ya kupanga upande wa Ganjoni. Nimeona nikwambie mimi mwenyewe, usije ukasikia kwa watu."

"Rukia ndiye aliyekutuma?"

"Rukia hajasema neno lolote juu yako, baba. Hilo ndilo linaloniumiza."

Akaenda zake.

Alhamisi ya wiki ile, kwa upweke tu, nikaweka tena ile sehemu ya mwisho ya waoka mikate. Nilitaka kusikia sauti za watu ndani ya nyumba. Nikaegemea mto. Sikumbuki hata ugomvi wa tanuri ulifika wapi.

Nilizinduliwa na adhana ya alasiri.

Nikafungua macho. Kwenye televisheni hakuna tanuri, hakuna mkate, hakuna yule mama mjane. Kuna vijana ndani ya bwawa la kuogelea, wako vile vile kama wale wa kwenye picha. Nilipapasa rimoti, nikaikuta chini ya paja langu. Kabla sijaibonyeza, picha ikasimama yenyewe, yakatokea maandishi kuniuliza kama bado natazama.

Wakuu, nikaketi wima.

Kumbe tamthilia ikiisha, mtambo haungoji amri. Unakuchagulia kingine, halafu kingine, na wewe unakoroma. Mstari mwekundu ulikuwa wangu. Kila mchana nilikuwa naufuma kwa usingizi wangu mwenyewe.

Nikakumbuka na jambo jingine lililonikata maini. Siku zote nikiamka pale, nilikuwa naikuta televisheni imezimwa na rimoti imewekwa mezani. Nani alikuwa akiizima? Rukia. Basi alijua. Siku ile mbele ya dada yangu alikuwa anajua vizuri kabisa ni ya nani, na akainamisha macho.

Niliswali, nikapitia dukani kuchukua halwa, nikapanda tuktuk hadi Ganjoni.

Kwa mila zetu, mke akiondoka kwa hasira, baba mkwe haendi peke yake. Hutumwa watu wazima, wakasema maneno ya mviringo, ikawa hakuna aliyekosa sana. Mimi sikutaka mviringo. Nilipanda ngazi za ile fleti nikiyapanga maneno ya kumwambia baba yake Rukia.

Mlango ukafunguliwa na baba mwenyewe, uso umejaa furaha. "Ahlan, mkwe! Umekuja kumtazama mgonjwa wetu? Watu wa kheri nyinyi. Kwanza mmetupa Rukia amuuguze mamake, sasa na halwa juu yake!"

Maneno niliyoyapanga nikayaacha pale mlangoni. Mama yake alikuwa kweli amekaa na mguu juu ya kiti. Kwao hawajui lolote. Rukia alikuwa amenisitiri hata kwa wazazi wake.

Nikakaa, nikamjulia mgonjwa hali, kisha nikaomba nizungumze na Rukia kidogo roshanini. Akaja na kikombe cha chai, akanipa kwa mikono miwili kama kawaida yake.

"Mwanangu," nikamwambia, "ni mimi. Nilikuwa nalala."

"Najua, baba."

"Mbona hukusema?"

"Ningesemaje mbele ya shangazi? Niseme ni baba, alikuwa amelala? Angeamini hapo kwenye kulala?" Akatabasamu kidogo, halafu tabasamu likaondoka. "Wewe sina neno nawe. Lakini shangazi anaingia kila nyumba Mji wa Kale, na jina langu limebaki kwake vile lilivyo."

Alikuwa na haki. Mimi nilimvunjia heshima mbele ya mtu, kisha nikaja kumtaka radhi pembeni kwenye roshani.

Nikatoa simu pale pale, nikampigia Bi Zena, nikaweka sauti ya juu ili Rukia asikie.

"Dada, zile picha ulizoziona siku ile."

"Usinikumbushe, nimeshayaombea macho yangu msamaha."

"Ni zangu mimi."

"Zako vipi?"

"Nililala, televisheni ikaendelea yenyewe. Rukia hakutazama hata moja."

"Athumani! Na mvi zote hizo!"

"Dada, nimekwambia nilikuwa nimelala."

"Ndivyo wasemavyo wote!"

Rukia aliziba mdomo kwa mtandio, mabega yakimtikisika. Nami nikaanza kucheka. Bi Zena akasikia.

"Huyo mtoto yuko hapo? Mpe simu. Rukia, mwanangu, nilikudhania ubaya. Niwie radhi, na nyumba nilizozipitia na maneno nitazipitia tena. Na huyo mzee mpokonye rimoti!"

Kicheko kikazidi, hata baba yake akafungua mlango wa roshani. "Mwacheka nini nyie?"

Rukia akafuta machozi, akamwambia, "Tamthilia tu, baba."

Goti la mama yake lilipopata nafuu, Rukia akarudi Kuze. Salim hajataja tena habari ya kupanga. Moyo wangu umetua, wakuu, umetua kweli, kama mtu aliyeshuka kwenye mti alioupanda mwenyewe bila sababu.

Nililojifunza ni hili. Sisi wazee huona aibu na kumpa wa chini yetu aibebe, kwa kuwa tunajua hatatujibu. Ningemuuliza Rukia faraghani, jambo lingeisha kwa kicheko siku ile ile. Na ukishakosea mbele ya mtu, usiombe radhi gizani. Rudi mbele ya mtu yule yule, hata kama atakucheka, na atakucheka.

Haya, uwanja ni wenu. Nisemeni, nimeshazoea. Na mwenye kujua tamthilia nzuri ya familia, yenye ugomvi wa kutosha watu wawili kubishana, aiandike hapa chini. Rukia naye anasoma maoni, na ameshaniambia ya kwanza atachagua yeye.