Msimu Mzima kwa Kushikana Mikono

Msimu mzima wa tamthilia ile ya kigeni, Balqis, mwalimu wa hesabu hapa mjini Ibra, aliwasubiri wanawake wawili wanaopendana. Alasiri hii hatimaye walishikana mikono, na papo hapo picha ikahamia kwa wanaume wanaogombea shamba. Akachukia. Wanaume na shamba lao hupewa vipindi na vipindi. Wapenzi hawa hata nafasi ya kuvuta pumzi hawapewi.

Mama yake, aliyekuwa akimimina kahawa, akauliza, "Na Maram wako wa kule Sur, mbona haji tena?"

"Kaolewa, mama."

"Najua kaolewa. Nimeuliza mbona haji."

Balqis akatikisa finjani yake tupu, kama mgeni anayeashiria kwamba katosheka. Mama akaitazama, kisha akaijaza.